Tununue Motokaa Gani ya Kupanda Mlima?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kanduyi, na kamati ya watu watatu iliyotumwa kutafuta gari la ushirika wetu. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.



Mlitutuma watu watatu, mmoja wa njia ya reli, mmoja wa karakana na mmoja wa stesheni, tukatafute gari jipya la ushirika. Tumerudi. Twajua wako waliotega masikio wasikie honi huko nje. Hakuna honi. Hatukuja na gari, tumekuja na maneno na karatasi za bei, na karatasi hizo zimebandikwa pale mlangoni kila mtu azisome mwenyewe. Gari litakuja baada ya ninyi kupiga kura, kwa maana fedha ni zenu.

Na kabla ya kusema habari za magari yatupasa kuzikumbuka fedha zenyewe. Ishirini na sita kati yetu tumekatwa mshahara kila mwezi kwa miaka minne. Wazee wawili waliostaafu wametia humo sehemu ya kiinua mgongo chao. Mjane wa ndugu yetu hakuziondoa hisa za marehemu, alisema ziache zifanye kazi, watoto wasome kwa faida yake. Yeye yuko hapa leo, ameketi mstari wa pili. Basi mtu akisema "tuchukue lile lenye kung'aa", na amtazame kwanza yule mama.

Tena twalikumbuka lile gari la kwanza. Hatutamtaja aliyetuuzia wala mji wake, kwa kuwa hatukuja hapa kushitaki mtu. Lilikuwa pikapu iliyotumika, nyeupe, imepigwa rangi upya, na viti vimefunikwa nailoni. Sote tuliizunguka tukasifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyelala chini akatazama tumboni mwake, nasi ni watu ambao kila siku kazi yetu ni kuinama chini ya mabehewa kutafuta ufa! Mwezi wa tisa, kwenye mteremko juu ya Kimilili, na mzigo wa vitunguu mgongoni, chasisi ilikatika mahali palipokuwa pamechomelewa zamani na kufichwa kwa rangi nyeusi. Gari lililala matopeni siku mbili. Vitunguu vilioza, wenye vitunguu wakataka walipwe, na walilipwa. Ndugu yetu mmoja alimrudisha binti yake nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada. Siku ile tuligundua kwamba hatukununua gari, tulinunua rangi.

Ndiyo maana safari hii tulikwenda polepole. Tulitembelea maduka ya magari Eldoret na Kisumu siku zetu za mapumziko, tukazungumza na makanika wa jua kali wa Bungoma na Kitale, na tulipanda juu kwa miguu kuwauliza wenyeji wa mlimani ni magari gani wanayoyaona yakipita mwezi wa Aprili, siyo mwezi wa Januari. Mwezi wa Januari kila gari ni shujaa.

Kwanza, kazi ya gari. Hapa Kanduyi tuna lami. Malori ya kwenda Malaba yanapita mchana na usiku, na mtu akinunua gari kwa kuitazama barabara hii, hata gari dogo la harusi litamtosha. Lakini mizigo yetu haiko kwenye lami. Viazi, kabichi na vitunguu viko kule juu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Kaptama na Kapsokwony na Cheptais, ambako udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni. Twataka gari la kubeba magunia ishirini ya viazi ya kilo 50, yaani tani moja, kushuka nayo pasipo kuteleza korongoni, na kurudi kesho yake. Vile vile, kama sote tujuavyo, gari la ushirika likiwapo kijijini ndilo litakaloitwa usiku mama mzazi akizidiwa. Hilo halikuandikwa katika katiba yetu, lakini nani atakataa?

Sasa, makanika wengi na wauzaji wote huanza na ukubwa wa injini. Sisi watu wa reli tusidanganyike hapo. Mnajua vizuri kuwa injini ya gari la moshi ina nguvu za kung'oa nyumba, lakini reli ikiloa umande kwenye mwinuko magurudumu huzunguka bure palepale. Ndiyo maana dereva ana mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Kupanda kwenda Timboroa, ambako reli imefika zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, nguvu bila mshiko ni makelele tu. Matope ni vivyo hivyo. Swali la kwanza si "injini ni kubwa kiasi gani?" bali "nguvu hiyo inafika chini kwa njia gani, na kwa magurudumu mangapi?"

Gari la kawaida huvuta kwa magurudumu mawili. Gari la mlimani huvuta kwa yote manne. Lakini hapa pana siri ambayo muuzaji hataitaja usipouliza. Kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kuna difu, na kazi ya difu ni kuliacha gurudumu moja lizunguke upesi kuliko mwenzake gari likikata kona. Jambo jema barabarani. Lakini gurudumu moja likiwa hewani au kwenye ute wa matope, difu huipeleka nguvu kwa yule mvivu anayezunguka bure, na yule aliye kwenye ardhi ngumu hukaa kimya. Hivyo gari la magurudumu manne laweza kukwama huku gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanarusha matope, na mawili mengine yanatazama. Dawa yake ni kifungo cha difu, ambacho huyafunga magurudumu mawili yazunguke sawasawa. Uliza kama kipo kwenye difu ya nyuma. Kikiwapo, ujue hapo pana gari la kazi.

Uliza tena kama gari lina gia nzito, yaani ile seti ya pili ya gia inayolifanya litembee polepole kwa nguvu nyingi. Gia hiyo ni muhimu zaidi katika kushuka kuliko kupanda. Ukishuka na tani moja kwa breki peke yake, breki hushika moto zikaacha kushika. Ukishuka kwa gia nzito, injini yenyewe ndiyo breki. Wenzetu wa treni za mizigo hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Na ndugu mmoja aliuliza juzi kwa nini asiendeshe kwa magurudumu manne siku zote ili awe salama. Magari mengi ya aina tutakazozitaja hayana difu ya katikati. Mkono wa magurudumu manne ukivutwa, ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye matope hakuna neno, magurudumu yanateleza kidogo na mambo yanakwenda. Kwenye lami kavu hayawezi kuteleza, basi vyuma vya ndani vinajisokota hadi kitu kivunjike. Land Rover tangu ile ya One Ten ya 1983 ndiyo iliyokuwa na difu ya katikati, ikavuta kwa manne wakati wote. Dereva wetu, awaye yote, hana budi kulijua jambo hili kabla hajakabidhiwa ufunguo.

Baada ya hapo ni mwili wa gari. Wazee wa karakana wanayakumbuka mabehewa ya zamani, fremu ya chuma chini na sanduku la mbao juu yake. Sanduku likivunjika, fremu inabaki. Yakaja mabehewa ambayo mwili wenyewe ndio fremu, mepesi na matulivu, lakini ukiugonga mwili umeigonga fremu. Magari nayo yamegawanyika hivyo hivyo. Mengi ya haya marefu yenye sura ya gari la porini, yanayopendwa sana na vijana mjini, hayana chasisi ya peke yake. Ni gari dogo lililoinuliwa. Hatusemi ni mabaya. Kwa mwalimu anayekwenda Webuye na kurudi ni mazuri, yana raha na yanakula mafuta kidogo. Kwa magunia ishirini ya viazi juu ya mawe, hapana. Ndugu watatu waliotuandikia barua kuyapendekeza tunawajibu hapa mbele ya wote ili wasiseme barua yao ilitupwa.

Sasa tuyataje magari yenyewe.

Wazee wetu wote walisema Land Rover. Na sababu wanayo. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na kwa kuwa Uingereza baada ya vita chuma cha bati kilikuwa cha kugawiwa, mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana hata leo waiona Land Rover yenye umri wa baba yako, mwili haujaliwa na kutu. Zilikuja nchi hii na serikali ya kikoloni, zikafuata polisi, misheni na mashamba, na mwisho zikaangukia mikononi mwa watu wa viazi. Kuka mmoja, yaani babu kama tunavyowaita hapa kwetu, alituonyesha yake. Anaifungua na kuifunga kwa spana chache, na kila kitu kinafikiwa na mkono. Alisema gari lisiloweza kutengenezwa chini ya mti si gari.

Lakini yatupasa kusema kweli. Aluminiamu haili kutu, chasisi yake ya chuma inakula, nasi tumekwisha kuungua kwa chasisi. Tena Land Rover ya namna ile imekwisha kutengenezwa. Ile ya mwisho ya Defender ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Defender mpya iliyotolewa 2019 ina jina lile lile, lakini haina chasisi ya peke yake, imejaa kompyuta, na bei yake si ya watu wa kukatwa mshahara. Atakaye Land Rover leo kwa kazi yetu atanunua ya zamani, na atakuwa ameoa gari na fundi wake pamoja. Kuka yule ni fundi mwenyewe. Sisi tunakuwa zamu.

Pili ni Toyota Land Cruiser, ile pikapu ya kazi watu wanayoiita sabini na tisa. Ukoo wake ulianza 1951, jina la Land Cruiser likapewa 1954, na umbo hili la sabini lilitoka 1984, na ukiitazama leo waona halijabadilika sana. Injini iliyoipa sifa Afrika nzima ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo. Haina haraka. Lakini inavuta toka chini kama ng'ombe wa jembe. Ekseli zake ni ngumu mbele na nyuma, na matairi ya kazi ni yale ya 7.50 inchi 16, ambayo hata maduka ya matairi ya malori madogo huyaweka. Kuna watu wanaodhani yote yanatoka Japani. Land Cruiser hizi huunganishwa hapa kwetu Mombasa.

Tungekuwa na fedha, ndugu, hotuba hii ingekwisha hapa. Hatuna. Bei yake mpya imebandikwa mlangoni, na hata tukikopa kiasi cha juu kabisa tutakachokubaliwa, bado tutapungukiwa. Iliyotumika nayo haishuki bei, maana kila mtu aijua. Na ikiwa umeonyeshwa moja ya bei rahisi, jiulize kwa nini mwenyewe anaiacha. Zaidi ya hayo, yapendwa na wezi kama inavyopendwa na wakulima.

Tatu ni pikapu za tani moja, Toyota Hilux na Isuzu D-Max. Isuzu huunganishwa Nairobi, katika kiwanda ambacho wengi mnakikumbuka kwa jina la General Motors. Jina la Isuzu East Africa lilikuja 2017. Hizi mbili tulizichungulia chini kwa muda mrefu, na muuzaji mmoja alituuliza kama tumepoteza shilingi. Zote zina chasisi ya peke yake. Nyuma zina ekseli ngumu na springi za vyuma vya kupangana, kwa hiyo mzigo zinaujua. Mbele kila gurudumu linajitegemea, jambo ambalo ni starehe barabarani, ila kwenye mawe makubwa halifikii Land Cruiser. Zina gia nzito, lakini angalieni hapa, ni zile tu za magurudumu manne! Nyingi zinazopita hapa Kanduyi zenye vyumba viwili na sura ya ukali ni za kuvuta kwa magurudumu mawili. Sura ni ile ile, jina ni lile lile, na ndani hamna kitu. Tulikuta moja ya namna hiyo, na kijana wa dukani alisema bila haya kwamba inapanda popote. Tukamwomba atuonyeshe mkono wa magurudumu manne. Alitafuta kidogo, kisha akaenda kumwita mkubwa wake.

Jambo jingine juu ya hizi mbili ni vyumba. Mwenye vyumba viwili hubeba watu watano na sanduku fupi la mzigo. Mwenye chumba kimoja hubeba watu wachache na sanduku refu. Kila kiti unachoongeza ni magunia unayoacha mlimani. Twajua kwa nini baadhi ya ndugu wanataka vyumba viwili: harusi, mazishi, na viongozi kukaa vizuri wakienda mkutanoni. Viongozi wapande basi. Tumesema hivyo mbele ya Mwenyekiti naye amecheka, basi iandikwe.

Nne, vijana walitaja Suzuki Jimny. Msiicheke kwa udogo wake. Umbo lililotolewa 2018 lina chasisi ya peke yake, ekseli ngumu mbele na nyuma, gia nzito, na kimo cha milimita 210 toka ardhini. Kwa wepesi wake inapita juu ya matope ambayo gari zito linazama. Injini yake ni ya petroli, lita 1.5. Ingekuwa kazi yetu ni kumpeleka mganga au mkaguzi wa njia, tungeichagua bila mjadala. Lakini ina viti vinne na nyuma yake pana nafasi ya kikapu. Viazi vyetu tungevipeleka gunia moja moja kama panya.

Kulikuwa pia na ndugu aliyesema tununue la kwetu Kenya, na neno lake lilitugusa. Mobius lilibuniwa hapa hapa kwa ajili ya barabara mbovu. Lakini Agosti 2024 kampuni ilitangaza kuwa inafunga kwa sababu ya madeni, kisha ikasema amepatikana mnunuzi. Gari likiwa zuri namna gani, mtu wa kazi aulize kwanza: miaka saba ijayo nitapata wapi spea? Wazee wa reli wana kumbukumbu yao wenyewe juu ya jambo hili, lile gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kujenga gari, na karakana zetu za reli zilitia mkono katika kazi hiyo. Magari machache yalionyeshwa 1990. Vyuma vilichongwa na watu kama sisi. Halikufika sokoni. Mikono ilikuwapo; kilichokosekana ni fedha.

Tuseme kidogo habari za Safari Rally, kwa kuwa kila mara tukizungumza magari huja mtu akasema "lile lilishinda Safari". Mashindano hayo yalianza 1953. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua ilikuwa kubwa hata magari saba tu yakamaliza, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Hilo ni gari la familia, la kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma! Halikuwa na kifungo cha difu wala gia nzito. Lilikuwa na dereva. Basi tukishanunua, dereva tusimchague kwa undugu. Twaomba ajaribiwe, na mwenye kujaribiwa awe hata mtoto wa mjumbe wa kamati hii.

Sasa habari ya jipya na lililotumika. Magari yaliyotumika yanayotoka nje hayaruhusiwi kuingia Kenya yakiwa yamepita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Juu yake kuna ushuru wa forodha, kodi ya bidhaa, na VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo bei mnayoonyeshwa kwenye simu na mawakala, ile ya huko Japani, si bei ya Kanduyi; ni mwanzo wa safari. Lililotumika la hapa nchini nalo lina mitego yake. Kitabu cha gari kihakikishwe NTSA, kwa maana gari lililonunuliwa kwa mkopo huandikwa jina la benki pamoja na la mwenyewe, na usipotazama waweza kununua deni la mtu. Halafu mtu alale chini na tochi, agonge chasisi kwa nyundo ndogo, asikilize. Sisi twajua sauti ya chuma kizima, tumelipwa mshahara kwa kuijua.

Mafuta tuyapigie hesabu kama tulivyofundishwa na walimu wetu wa misheni, ubaoni. Tuseme safari ni kilomita 100 kwenda na kurudi. Gari moja lenda kilomita 8 kwa lita, litakunywa lita 12 na nusu. Jingine lenda kilomita 11 kwa lita, litakunywa lita 9 na kidogo. Tofauti ni lita 3 na nusu hivi, mtu aweza kusema si kitu. Lakini kwa safari 25 za mwezi mmoja ni lita 85. Zidisheni na bei ya dizeli ya leo, kisha zidisheni na miezi ya mkopo. Ndipo mtaona kwa nini hatukumsikiliza tu yule aliyesema injini kubwa ndiyo uanaume. Vile vile matairi, bima ya gari la biashara, na ukaguzi wa kila mwaka, vyote vitoke katika mapato, siyo katika mshahara wa mtu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hili Mweka Hazina amekwisha kulifungua.

Na ndugu wanaofikiri tutapata fedha ya haraka kwa kupakia abiria nyuma ya pikapu, waache. Bima haitawalipa wakianguka, na polisi wa hapo njia panda hawana haja ya miwani.

Kamati yenu haikukubaliana kwa umoja, hatutawaficha. Wawili twasema: pikapu mpya ya tani moja, chumba kimoja, ya kuvuta kwa magurudumu manne, yenye gia nzito, iwe Isuzu au Hilux, kwa yule atakayetupa bei njema na kifungo cha difu ya nyuma. Tutalipa sehemu kutoka akiba na sehemu kwa mkopo wa SACCO, na mkopo utakwisha kabla wazee wawili waliobaki kazini hawajastaafu. Mwenzetu wa tatu asema tungoje miaka miwili zaidi, tukusanye, tununue Land Cruiser mara moja tusinunue tena. Maneno yake si ya upuuzi. Gari lile litaishi kuliko mkopo, na pengine kuliko sisi. Lakini sisi wawili twajibu kwamba miaka miwili ni misimu minne ya viazi inayobebwa na magari ya watu wengine, na bei nayo haitatungoja imesimama. Ada za watoto wa yule mama zinatakiwa Januari hii.

Tumepata neno la wauzaji wawili kwamba wataleta kila mmoja gari lake hapa Kanduyi tulijaribu, mradi tulipe mafuta. Tumeomba waje siku ya mvua, au siku ya pili yake. Tutapakia magunia ishirini, twende hadi juu ya Kaptama na kurudi, na aendeshe dereva wetu, siyo wao. Tutalisimamisha katikati ya mwinuko, tulizime, tuliwashe tena, liondoke. Likishindwa hapo, asanteni, nendeni na gari lenu. Tutashuka bila kugusa breki mahali tulipokubaliana, na makanika wa Kitale atakuwa chini akitazama kama kuna kinachovuja.

Tunahitaji watu sita wa kupakia na kupakua, na magunia ya kuazima. Ndugu watakaokuwa zamu siku hiyo waandike kura yao katika karatasi yenye namba ya kazi na kumpa Katibu kabla ya Ijumaa jioni. Wenye hisa za marehemu wana haki ya kura kama wengine. Mkutano wa kuhesabu utakuwa Jumamosi saa nane, mahali hapa hapa, na karatasi za bei zitakaa mlangoni hadi siku hiyo. Tafadhali mtu asizing'oe kufungia sukari.

Bwana Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali. Twaona mzee wa pale nyuma amekwisha kusimama, na bila shaka ni juu ya Land Rover.